Kisu Alichoniletea Kaka

Nilikichukia kile kisu kabla hakijafunguka. Kaka yangu alikiweka mezani, ndani ya kiboksi cheusi, katikati ya sahani ya dagaa na bakuli la maharage, akakisukuma kwa kidole mpaka kikagusa mkono wangu.

"Fungua," akasema.

Nilikuwa nimeshinda nachanja mbuzi tangu asubuhi na nguo zangu zilinuka beberu. Mtu aliyekaa mbele yangu nilikuwa sijamwona kwa miaka sita. Ndani ya miaka hiyo mama yetu aliugua, akafa, tukamzika kule Mwese milimani, na yeye hakuja. Mazishi yalikuwa yametimiza miaka mitatu. Sasa alikuwa amekuja, na alichokuja nacho ni kiboksi.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Wafugaji wananiita dokta, nami nimeacha kuwasahihisha. Naishi pembezoni mwa mji wa Mpanda, nyumba ya vyumba viwili, na kila siku natoka na pikipiki ya kazi kwenda vijijini. Binti yangu yuko shule ya bweni, mume tulishaachana. Nimezoea kula peke yangu na kunyamaza ninapokula. Kaka ni fundi wa viyoyozi Dar es Salaam, na alinipa taarifa ya kuja kwa ujumbe wa simu wakati treni imeshapita Tabora. Hakuuliza kama nina nafasi.

Nilifungua kile kiboksi kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma na niliona bila kukifungua sitaachwa nile. Ndani kulikuwa na sponji jeusi lililokatwa umbo la kisu, na kisu chenyewe kimelala humo kama maiti kwenye jeneza la saizi yake. Kilikuwa kimekunjwa. Mpini ulikuwa wa plastiki nyeusi yenye vijimistari, ukiushika unafanana na soli ya kandambili. Ubavuni kilikuwa na kibanio cha chuma cha kukining'iniza mfukoni. Kilinuka mafuta ya mashine, na harufu hiyo ikaingia kwenye dagaa wangu.

Kaka hakunisubiri. Alikichukua mkononi mwangu, akabonyeza kitu kwa kidole gumba, na wembe ukaruka nje. Tak.

"Umeona? Mkono mmoja."

Akakikunja. Akakifungua tena. Tak. "Hiki mtu unatembea nacho kila siku. Unaamka, unavaa, unakitia mfukoni. Mjini kila fundi wa maana anacho."

"Mimi nina kisu," nikasema.

"Kile nilichokiona kwenye boksi la pikipiki? Dada, kile si kisu. Kile ni kipande cha bati."

Niliendelea kula. Kile alichokiita kipande cha bati nilitengenezewa na fundi mmoja wa hapa Mpanda mwaka nilioanza kazi. Aliukata wembe kutoka kwenye springi ya gari, akautia mpini wa mninga, na mimi mwenyewe nikaushonea ala kutoka kwenye mpira wa buti kuukuu. Hakikukunjwa, hakikuruka, hakikutoa sauti yoyote. Nilikuwa nimefungulia nacho majipu, nimekatia nacho kamba za ng'ombe walionaswa, nimemenyea nacho mihogo njiani mvua ilipoharibu daraja. Kikiwa na uchafu nilikisugua kwa mchanga na maji ya mtoni, basi. Lakini hayo sikumwambia. Nilisema tu, "Asante, kaka," kwa sauti ambayo mama angeisikia angenikanya.

Kesho yake nilikitia mfukoni. Sikufanya hivyo kwa moyo mmoja; nilitaka niwe na la kusema jioni. Nilitaka kasoro, na sikuhitaji kuzitafuta sana. Kile kibanio kilinasa kwenye mfuko wa koti langu la kazi, na nilipochomoa kisu, mfuko ulichanika mpaka chini. Ofisini nilikifungua ili nikate kamba ya boksi la chanjo, na yule dada anayetunza mafaili akaruka na kiti chake.

"Dokta! Hicho ni cha kuchinjia watu?"

"Ni zawadi," nikamjibu.

"Nani anakupa zawadi ya namna hiyo?"

Na ile kamba haikukatika. Nusu ya wembe ilikuwa laini, na nusu nyingine, ile iliyo karibu na mpini ambako mtu anaweka nguvu, ilikuwa na meno kama msumeno. Meno yale yaliinasa kamba, yakaichambua nyuzi nyuzi, yakaiacha inaning'inia. Nilijiuliza siku yakiisha makali nitayanoa na nini. Jiwe langu la kunolea ni bapa. Aliyekiunda kile kisu alitaka kipendeze dukani, kikishatoka hapo shauri yako.

Mchana nilikwenda kwa mama mmoja mwenye mbuzi anayechechemea. Kwato ilikuwa imeoza upande mmoja. Nilipoipasua, usaha ukatoka na damu, ukanitiririkia mkononi, ukaingia kwenye ile bawaba ya kisu. Hapo ndipo nilipokichukia kwa sababu za kitaalamu. Kisu cha kukunja kina tumbo. Kina mahali pa kuficha uchafu, na uchafu ukishaingia hautoki kwa maji. Jioni nilikichemsha kwenye sufuria, nikakisugua kwa mswaki wa zamani, nikakipuliza, na bado kikifunguka kilinuka kwato. Mbuzi wa kesho angechanjwa na mtu aliyebeba ugonjwa wa mbuzi wa jana.

Na kukikunja! Ili kikunjike ilibidi usukume kijibati chembamba ndani ya mpini kwa kidole gumba, na wakati huo huo kidole hicho kimekaa kwenye njia ya wembe unaporudi. Mtu aliyebuni hivyo hakuwahi kushika kitu mikono ikiwa na damu na povu.

Jioni ile nilimwambia kaka yote, kasoro moja baada ya nyingine, nikiwa nimesimama mlangoni na buti miguuni. Alinisikiliza akitabasamu.

"Hujakizoea," akasema. "Vitu vizuri vinataka mazoea."

Siku ya tatu nilifungua boksi la pikipiki ili nichukue kisu changu cha zamani, nikakuta boksi limeoshwa. Limeoshwa kweli, linang'aa, vitambaa vimekunjwa, bomba la sindano liko upande wake. Kisu hakikuwepo, wala ala yake.

"Kisu changu kiko wapi?"

Kaka alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai. "Kipi?"

"Unakijua."

"Aaa, kile. Jana alipita mtu wa vyuma chakavu. Nikampa pamoja na lile sufuria lililotoboka."

Nilimtazama nikasubiri aseme anatania.

"Nimekusaidia, dada. Unang'ang'ania vitu vimechoka."

"Nani alikuomba msaada?"

"Lakini una kipya!"

Niliwasha pikipiki nikaenda kwa wanaonunua vyuma, upande wa reli, nikawauliza. Walinionyesha lundo refu kuliko mimi: mabati, springi, vishikizo vya milango, majembe, fremu za baiskeli. Nilichakura kwa saa nzima. Nilijikata kidole kwenye ukingo wa kopo. Mzee mmoja pale aliniuliza kisu chenyewe kina thamani gani hata niache kazi ya serikali, na nilishindwa kumweleza. Nikarudi nyumbani na hasira ambayo haikuwa ya kisu peke yake, na nilijua hivyo, lakini sikuwa tayari kuigusa ile nyingine.

Siku ya nne simu iliita asubuhi mapema. Alikuwa mzee mmoja Msukuma anayekaa njia ya Sibwesa, aliyehamia huku na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita na sasa analima kuliko anavyofuga. Alikuwa amebakiwa na maksai wawili wa plau. Mmoja alivunja zizi usiku akaingia kwenye maharage mabichi yenye umande, akala mpaka akatosheka.

"Dokta, tumbo limejaa kama ngoma," akasema. "Huyu anakufa."

Nilikusanya vitu vyangu. Chombo chenyewe cha kutobolea tumbo, kile chenye bomba lake, mwenzangu wa kata nyingine alikuwa amekiazima na hakukirudisha. Kisu kilikuwa kimoja tu. Nikakitia mfukoni, mfuko wa upande ambao haujachanika.

"Twende wote," kaka akasema. Alikuwa ameshavaa viatu. "Nione kazi yako."

"Barabara mbaya."

"Mimi nimezaliwa Mwese. Barabara mbaya utaniambia wewe?"

Nilimpakia kwa sababu kubishana kungechukua muda ambao yule maksai hakuwa nao. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki nzima na njia ilikuwa matope mekundu. Kaka aliongea njia nzima nyuma ya sikio langu. Aliniambia nipunguze gia. Aliniambia nipite kulia. Mara mbili alitaka tusimame apige picha.

Tulipofika, maksai alikuwa bado amesimama, miguu ameitanua, shingo ameinyoosha mbele, ulimi nje. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba ukapita uti wa mgongo. Niliugonga kwa kidole, ukalia. Tulimnywesha mafuta ya alizeti kwa chupa, mzee amemshika kichwa, mimi namimina. Tukamkanda. Tukamtembeza hatua chache. Hakucheua. Pumzi zikawa fupi, macho yakatoka, na ghafla miguu ya mbele ikakunjika akaanguka upande wa kulia kwa kishindo kilichotikisa ardhi.

"Basi," mzee akasema. "Nimchinje kabla hajafa?"

"Bado," nikasema.

Kuna mahali nyuma ya mbavu, ubavu wa kushoto, ambapo unaweza kupiga kisu kimoja mpaka ndani ya tumbo na hewa ikatoka. Ni jambo la mwisho kabisa. Nimelifanya mara chache maishani, na kila mara mikono yangu ilitulia kwa sababu hakuna nafasi ya kutetemeka. Nilikitoa kile kisu. Tak. Nikapima kwa kiganja, nikakielekeza chini na mbele, nikasukuma kwa nguvu zote.

Ngozi ya maksai wa plau ni nene. Wembe uliingia nusu, nikaegemea, ukazama. Hewa ikafoka na povu la kijani, harufu ya maharage mabichi yaliyochacha. Sasa tundu lile lazima lishikiliwe wazi, maana nyama inajifunga, na njia ya kulishikilia ni kuzungusha kisu upande. Nikazungusha.

Kile kijibati kikateleza. Wembe ukabaki ndani ya ng'ombe, mpini ukageuka, na vidole vyangu viwili, cha kati na cha pete, vikawa katikati. Sikusikia maumivu wakati ule. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kidole, kama uzi wa kushonea gunia. Nilipovuta mkono, kisu kikatoka nao, kikaanguka kwenye matope, na tundu likaziba.

Nilishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Damu ilikuwa inadondoka kwenye buti zangu. Nilimtazama kaka.

Alikuwa ameinama anaokota kisu. Alikifuta kwenye suruali yake. Alikifungua, akakikunja, akakifungua tena, akasogeza kile kijibati kwa kucha, uso umekazwa kama fundi aliyeletewa mashine mbovu.

"Umekizungusha," akasema. "Hiki hakizungushwi, dada. Hiki kinakata kwenda mbele tu."

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale damu inanipanda kichwani. Sijui kama nilipiga kelele au nilisema kwa sauti ndogo. Nilisema, "Toka mbele yangu."

"Nakueleza tu ili siku nyingine..."

"Toka!"

Mke wa mzee ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameshakimbia jikoni, akarudi na kisu cha kukatia mboga, chembamba, kimelika kwa kunolewa mpaka kimebaki kama jani la muwa, mpini umefungwa kwa mpira. Akampa mumewe. Nikapiga magoti kwenye matope nikamwonyesha mahali kwa mkono wa kushoto.

"Hapa. Pale pale penye damu. Sukuma. Usiogope."

Mzee akasukuma.

"Zungusha. Usikitoe. Kishikilie hivyo hivyo."

Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, povu likaruka likatupiga usoni wote watatu. Yule mama akaenda tena, safari hii akakata jani la mpapai, akalitoa bapa lake, akabaki na kile kikonyo chenye uwazi katikati. Nikamwambia akisuuze kwa chumvi. Mzee akakichomeka kando ya wembe, kisha akauchomoa wembe taratibu. Ubavu ukaanza kushuka. Tulikaa pale kwenye matope tunasikiliza hewa ikitoka kwa ule mrija. Baada ya muda maksai akapiga kwikwi, akajikusanya, akasimama. Alijisaidia papo hapo, na mzee akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia.

Halafu akaniona. "Dokta, mkono wako."

Mke wake alichana ukingo wa kanga yake akanifunga. Alifunga kwa kukaza sana, na hapo ndipo maumivu yalipokuja. Mzee akamgeukia kaka, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo, kisu bado mkononi.

"Na wewe ndugu," akamwambia, "hicho kidude kawaonyeshe watoto."

Kaka aliendesha pikipiki kurudi, mimi nyuma, mkono nimeuinua juu kama ninayeomba ruhusa darasani. Hakuongea. Alituangusha mara moja kwenye matope, polepole, na akaninyanyua, na nikamwambia asinishike.

Hospitali walinisafisha, wakanishona, wakanieleza kwamba kano ya kidole cha pete imekatika na huenda kisikunjike tena vizuri hata wakijitahidi. Muuguzi aliyeandika aliuliza nimekatwa na nani. Nikamwambia nilikuwa kazini. Kisha nikapelekwa kwenye benchi nisubiri dawa, na kaka akaja akakaa pembeni yangu. Kulikuwa na watu wengine kwenye benchi lile lakini mbali kidogo.

"Nilipanda basi," akasema.

"Basi gani?"

"La msibani. Siku ile uliponipigia kwamba mama amefariki. Nilipanda."

Niligeuka nikamtazama. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewaambia shangazi zetu kwamba kazini walimnyima ruhusa. Hakuniambia hivyo yeye. Nilitunga mwenyewe, pale kaburini, nilipoulizwa mwanamume wa nyumba hii yuko wapi. Niliutunza uongo ule mpaka ukawa kama kweli.

"Nilifika Tabora," akaendelea. "Nikashuka. Nikakaa stendi pale, nikasubiri basi la kurudi Dar, nikapanda nikarudi."

"Kwa nini?"

"Nilishindwa."

"Ulishindwa nini?"

Alikuwa anaangalia viatu vyake vyenye matope. "Kuwakuta nyie mmesimama pale mnaniangalia. Miaka mitatu sikuwa nimekuja kumwona hata akiwa mgonjwa. Halafu nije nimkute kwenye sanduku, na wewe umesimama."

Wapo watu ambao wakisikia maneno kama hayo moyo unalainika. Mimi wangu ulikuwa mgumu kama kwato. Kutoka Tabora mpaka hapa ni siku moja tu. Nilikuwa nikifikiri alizuiwa na umbali, na shida, na mabosi, vitu ambavyo mtu unaweza kuvisamehe kwa sababu havina uso. Kumbe alikuwa mlangoni akageuka.

"Tulikusubiri," nikamwambia. "Unajua hilo? Watu walitaka azikwe siku ile ile. Mimi nikakataa. Nikasema kaka yangu yuko njiani. Tukamchelewesha siku nzima, kwenye joto, kwa ajili yako. Majirani wakaanza kunung'unika. Na wewe ulikuwa stendi ya Tabora unasubiri basi la kurudi."

Dirisha la dawa likaita jina langu, nikainuka.

Siku mbili zilizofuata hatukusemeshana zaidi ya "chai ipo" na "maji yameisha". Tiketi yake ya treni ilikuwa ya siku ya tatu. Asubuhi ile alipokwenda kuoga, niliona kile kisu juu ya dirisha. Alikuwa amekisafisha, akakitia mafuta, akakiweka mahali ninapoweka funguo zangu. Yaani bado alikuwa ananiachia. Nilikichukua kwa mkono wa kushoto, nikaenda kwenye begi lake, nikakisokomeza kwenye mfuko wa pembeni chini ya soksi.

Siwezi kusema nilikuwa namrudishia tu. Nilijua kwamba mlangoni pale stesheni mizigo inapekuliwa. Nilijua treni haiondoki kila siku. Niliyajua yote hayo wakati nafunga zipu, na nilipoifunga nilisikia raha ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

Saa saba mchana simu ikaita.

"Wamenikuta na kisu," kaka akasema. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na mtu anaita abiria.

"Kisu gani?"

Nikamsikia anamwomba mtu dakika moja.

"Umekiweka wewe."

"Ni chako. Nimekurudishia."

"Dada, wameniweka kwenye kichumba. Wananiuliza nilitaka kumfanyia nani nini. Treni inaondoka."

Nikasema, "Waeleze kwamba hakizungushwi," nikakata simu.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kicheko kilidumu kidogo sana. Nikajaribu kusonga ugali kwa mkono wa kushoto, mwiko ukaniponyoka, sufuria ikamwagika juu ya jiko, na nikakaa chini kwenye sakafu nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi, nikisikia honi ya treni kwa mbali.

Jioni bodaboda ilisimama nje. Askari walikuwa wamemhoji wakaona ni fundi tu, mtu mzima, hana kosa lolote la nyuma. Wakakibakiza kisu, wakamwonya, wakamwachia. Treni iliyofuata ilikuwa baada ya siku tatu. Alisimama mlangoni na begi lake, na mimi nikasogea pembeni apite. Nilikuwa nimemtaka aondoke kuliko kitu chochote, na kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimejiongezea siku tatu za kukaa naye.

Aliona sakafu. Alivua shati la safari, akafuta unga, akawasha jiko upya, akasonga ugali. Siku zilizofuata alichota maji, akafua koti langu, akashona ule mfuko uliochanika kwa uzi mweusi na mishono mikubwa ya kifundi. Asubuhi alinivalisha buti, amechuchumaa mbele yangu, na nilikuwa natazama utosi wake ulioanza kutoka mvi, nikitafuta maneno ya kumuumiza, na nikiyapata mengi tu.

Siku ya pili aliondoka kabla sijaamka. Alirudi jua linazama, vumbi na matope mekundu mpaka magotini, midomo imekauka.

"Umetoka wapi?"

"Mwese."

"Kufanya nini?"

"Kumwona mama."

"Nani alikuonyesha kaburi?"

"Niliuliza. Watu waliniuliza mimi ni nani, nikawaambia. Mama mmoja aliniangalia akaenda zake bila kunijibu."

"Alifanya vizuri."

"Ndiyo," akasema.

Nikamwekea chakula. Alikula akiwa ameinamia sahani. Nilimwacha amalize ndipo nikasema, "Umechelewa miaka mitatu."

"Najua."

"Usifikiri kwamba umeenda basi yameisha."

"Sijafikiri hivyo."

Alikwenda kuosha sahani. Nilimsikia nje anasugua sufuria kwa mchanga muda mrefu, zaidi ya sufuria ilivyohitaji.

Mara hii nilimsindikiza stesheni kwa bajaji, sijui kwa nini. Pengine nilitaka kuhakikisha ameondoka. Askari wa mlangoni alimkumbuka. "Mzee, leo huna visu?" akamwambia, na kaka akacheka, akafungua begi mwenyewe kabla hajaombwa. Mimi sikucheka. Alipofunga begi alinigeukia.

"Dada, ungeniambia tu."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba umenichukia."

"Nilikuwa nakwambia tangu siku ya kwanza," nikasema. "Wewe ulikuwa unaongea."

Akatikisa kichwa taratibu, akabeba begi, akapanda. Sikusubiri dirisha lake lipite. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mkono ukinipwita kila nilipokanyaga.

Sasa umepita mwaka na zaidi. Kidole cha pete hakikunjiki. Nikishika sindano kinabaki kimenyooka pembeni kama mtu asiyehusika. Kaka ana tabia mpya ya kunipigia simu Jumapili mchana. Hatuna mengi. Anauliza mvua, namjibu mvua. Anauliza mtoto, namjibu mtoto. Kuna siku napokea. Kuna siku naiacha iite mpaka ikatike, nakaa kidogo, nakunywa maji, halafu nampigia mimi, ili asije akadhani ni yeye aliyeanza.